Mshika Fimbo wa Vuanga na Nafasi Moja

Hapo zamani, na wala msidhani ni zamani ya mababu, maana simu zilikuwa zimeshafika na watu walikuwa wakipanda vichuguu kutafuta mtandao, kulikuwa na kijiji milimani Upareni kiitwacho Vuanga. Kijiji hicho kilikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo waliloliacha waliotangulia. Jioni huzibwa, maji ya kijito yakajikusanya usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa, maji yakashuka mferejini kwenda mashambani kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule.

Ndiva ilikuwa na fimbo. Fimbo ilikuwa na alama za shubiri, moja hadi tisa. Na fimbo ilikuwa na mwenyewe, aliyeitwa mshika fimbo. Kila asubuhi mshika fimbo alishuka ukingoni, akaizamisha fimbo, akaisoma, kisha akapaza sauti:

"Shubiri tano!"

Na bonde zima likaitikia:

"Tumesikia!"

Hapo ndipo kizibo kilipotolewa. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, nyumba itakayodanganya kipimo cha ndiva, shamba lake halipati maji msimu mzima. Ya pili, shamba la mshika fimbo hunywa mwisho. Zishikeni sheria hizo, mtazihitaji mbele.

Mshika fimbo alikuwa Mzee Kirita. Alikuwa na binti mmoja, Nakiete. Mdogo wake Mzee Kirita, aliyekwisha kufariki, aliacha mtoto wa kiume, Penieli. Kwa hiyo Nakiete na Penieli walikuwa dada na kaka. Walizaliwa mwaka mmoja, wakakaa dawati moja, wakamaliza kidato cha sita siku moja. Nakiete alimshinda Penieli katika fizikia. Penieli alimshinda Nakiete katika Kiingereza. Kila mmoja alizijua alama za mwenzake kuliko zake, na kila mmoja alijifanya hazijui.

Mwaka huo chuo kimoja cha nchi ya baridi kilitangaza nafasi kwa kijana wa Vuanga. Shahada ya kwanza, miaka minne, katika usimamizi wa nishati na uendelevu. Ndege kwao, chakula kwao, malazi kwao. Nafasi moja.

"Uendelevu ndiyo nini?" aliuliza mama yake Penieli, huku akichambua mahindi ya makande.

"Ni kutumia kitu leo bila kumnyima atakayekuja kesho, mama mdogo," Nakiete alijibu.

"Kumbe zamu! Watu wanapanda ndege kwenda kusomea zamu?"

Wakacheka wote watatu. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kucheka pamoja.

Nakiete na Penieli wakaitwa kwenye usaili Same mjini, siku ya Alhamisi. Jumanne walikaa ukingoni mwa ndiva wakiulizana maswali. Nakiete akatupa kijiwe majini, akasema, "Unajua hii ni nini, kaka? Hii ni betri. Betri ya udongo. Tunaichaji usiku, tunaitumia mchana. Pale maji yanaposhuka, nguvu ipo, na baada ya kuzungusha kitu maji bado ni yaleyale, yanakwenda zake kwenye tangawizi."

Penieli hakucheka wala hakubisha. Aliyatazama maji mpaka mawimbi ya kile kijiwe yakaisha.

Jumatano Mzee Kirita aliinama kuokota jembe, hakuinuka. Mgongo. Wakambeba hadi kitandani. Na kesho yake, Alhamisi, ilikuwa zamu ya kaya kumi na mbili za chini, kiangazi kikali, tangawizi zimenyauka. Kizibo kile hakiguswi na mtu asiye wa damu ya nyumba ile. Damu iliyobaki na miguu mizima ilikuwa ya watu wawili tu.

"Mmoja wenu abaki," alisema Mzee Kirita.

Nakiete alisubiri Penieli aseme. Penieli alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaifunga. Akaifungua. Akaifunga tena.

"Nitabaki mimi," alisema Nakiete. "Lakini uwaambie, kaka. Waambie niko kwenye ndiva. Wanipe hata Ijumaa."

"Nitawaambia."

Alhamisi Nakiete alizamisha fimbo, akasoma, akapaza, "Shubiri tatu!" Bonde likaitikia, "Tumesikia!" Kaya kumi na mbili zikapata maji. Ijumaa Penieli akarudi na nafasi.

"Na mimi je? Uliwaambia?"

"Siku ilikuwa moja tu, dada."

Nakiete alilisikiliza jibu lile. Akaliweka juu ya swali lake, akaona halilifuniki.

Penieli akaenda.

Mwaka wa kwanza ilikuja picha ya theluji. Mama Penieli aliibeba simu nyumba hadi nyumba. "Tazama kaka yako, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi!" Nakiete akatazama, akasema, "Amependeza, mama mdogo," akaenda kuzibua ndiva.

Mwaka wa pili ilikuja picha ya mitambo ya upepo imejipanga baharini, na Penieli mbele yake amevaa helmeti. "Anasimamia ile yote," alisema mama Penieli. Hakuwa anasimamia hata mmoja, alikuwa mwanafunzi kwenye ziara. Nakiete alilijua hilo. Akasema, "Hongera yake," akaenda kuzibua ndiva.

Maana sasa fimbo ilikuwa mkononi mwake. Mgongo wa baba haukupona. Kila asubuhi Nakiete alipima, akapaza, kisha akaandika kipimo kwenye kauntabuku. Hakuna aliyemwagiza aandike. Aliandika kwa sababu Penieli huko alikuwa akiandika. Alijua darasa la Penieli lilianza saa ngapi kwa saa za Vuanga. Saa hiyo yeye alikuwa ametia miguu kwenye tope.

Sasa yupo mtu wa tatu. Jina lake Ombeni. Alisoma nao darasa moja. Alama zake zilitosha kuingia chuo lakini hazikung'aa, na kwenye usaili hakuitwa. Akawa fundi wa kuchomelea pale sokoni. Siku moja alichukua rimu ya pikipiki, akapasua mabomba nusu kwa nusu yakawa vikombe, akachomelea vikombe kwenye rimu, akafunga alteneta ya lori lililokufa. Hakupiga hesabu. Alikadiria kwa jicho. Akaiweka mferejini chini ya kizibo. Maji yakishuka, gurudumu linazunguka. Likizunguka, linachaji betri za zahanati, na friji ya chanjo inapata baridi. Muuguzi wa zahanati alikuwa mtu wa utaratibu. Kila siku aliandika kwenye rejesta yake gurudumu limezunguka kwa muda wa saa ngapi, maana maji yakiwa mengi huzunguka zaidi.

Kila asubuhi, basi, walikuwa wawili ukingoni: Nakiete na fimbo, Ombeni na kopo la grisi.

"Mwenzio anakula theluji," Ombeni alimwambia, "sisi tunakula tope."

"Wewe kula lako kimya."

"Mimi hata ningeitwa huko nisingekwenda. Baridi inakunja vyuma."

Alikuwa anasema uongo, na Nakiete alijua, kwa sababu mtu asiyetaka kitu hakitaji kila asubuhi.

Mwaka wa tatu, mwishoni mwa Mei, simu ya Nakiete ikalia. Ni Penieli.

"Dada, nina mradi wa kumalizia mwaka wa tatu. Nimeandika juu ya ndiva na gurudumu la Ombeni. Nataka kipimo cha kila siku, siku tisini, Juni hadi Agosti. Ukinitumia kila asubuhi kwa simu, inatosha. Bila wewe sina mradi, Nakiete."

Nakiete akayarudia moyoni maneno mawili. Bila wewe. Akasema, "Nitakutumia, kaka."

Jioni hiyohiyo mama Penieli akaja na simu. Chuo kilikuwa kimetoa kijarida cha kuwavutia wanafunzi wapya. Ukurasa wa kwanza, picha ya Penieli. Chini ya picha, maneno kwa herufi kubwa, na mama Penieli alikuwa ameshatafutiwa tafsiri yake: *Kwetu bwawa ni betri ya udongo.*

"Maneno hayo, Nakiete! Kaka yako ana kichwa."

Nakiete akasoma. Akasoma tena.

"Ana kichwa, mama mdogo," alisema. "Na masikio."

Asubuhi yake alizamisha fimbo, akapaza, "Shubiri sita!" Bonde likaitikia, "Tumesikia!" Akaandika sita kwenye kauntabuku ya mwaka ule. Kisha akaketi ukingoni, akafungua kauntabuku ya mwaka uliopita, ukurasa wa masika. Akamtumia Penieli: saba.

Siku iliyofuata alipaza tano, akaandika tano, akatuma nane. Wiki ya nne alipaza nne, akaandika nne, akatuma tisa. Wiki ya nane alipaza tatu, akaandika tatu, akatuma tisa. Hakubuni hata namba moja. Kila namba aliyoituma iliwahi kuwa kweli, ila siku yake ilikwishapita. Na wivu humpa mtu bidii: kati ya siku tisini hakukosa hata moja.

Kila mara Penieli alijibu, "Safi sana, dada! Asante!"

Katikati ya Julai Ombeni alipita nyuma yake na kopo la grisi.

"Leo una vitabu viwili kama mhubiri."

"Fanya kazi yako."

Ombeni akauchungulia ukurasa. Juu yake pameandikwa Aprili. Akamtazama Nakiete, naye Nakiete akamtazama. Ombeni akaenda kulipaka gurudumu grisi.

Mradi ukaenda mbele ya maprofesa. Mmoja wao, mama mwenye subira, alichukua vipimo vya Penieli akaviweka kando ya rekodi za mvua. Siku tisini, Upareni halikudondoka tone. Siku tisini, ndiva inapanda.

"Bwawa hili linajazwa na nini?" aliuliza.

Penieli akapekua karatasi zake.

"Nani alipima?"

Kwenye ukurasa wa kwanza Penieli alikuwa ameandika *nilipima*. Akasema, "Mimi."

Pale chuoni anayebuni vipimo hana nafasi. Masomo yake yalisimamishwa akiwa amebakiza mwaka mmoja. Mwezi wa kumi akashuka sokoni Vuanga na begi moja. Mama yake akaifunika simu kwa khanga kama maiti. Na ndimi za sokoni hazikumwonea huruma: "Kumbe theluji huyeyuka!"

Nakiete alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka mitatu. Ilipofika, aliitafuna akaona haina chumvi. Alingoja Penieli aje na makelele. Penieli alikuja, akaingia ndani akamwamkia Mzee Kirita, "Shikamoo, baba mkubwa," akatoka akachukua jembe, akaenda kupalilia tangawizi. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili hakusema neno. Siku ya tatu Nakiete akashindwa.

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, habari ingefika hapa kabla yangu," alisema Penieli. "Shamba la baba mkubwa lingekosa maji msimu mzima. Kwa mgongo ule angekula nini?"

Hilo ndilo lililomuuma Nakiete kuliko theluji, kuliko mitambo ya upepo, kuliko kijarida. Hata kwenye wema alikuwa ametanguliwa.

Akaenda nyumbani akachukua kauntabuku ya mwaka ule, akazipiga picha kurasa zote za siku tisini. Akamwandikia yule profesa kwa anwani ya chuo iliyokuwa kwenye kijarida: "Namba za uongo nilizituma mimi, kwa wivu. Za kweli hizi hapa."

Profesa akajibu upesi. "Aliyedanganya jana, leo namwaminije? Kitu gani kinathibitisha daftari la pili?"

Nakiete hakuwa na kitu. Alikaa ukingoni na simu mkononi. Ombeni akaja, akamnyang'anya simu, akasoma kimoyomoyo, akaondoka bila kuaga. Akarudi na rejesta ya muuguzi. Wakaketi, ukurasa kwa ukurasa. Siku ambayo kauntabuku inasema tano, gurudumu lilizunguka kwa muda wa saa tano na nusu. Siku inayosema nne, saa nne na robo. Siku inayosema tatu, saa tatu. Siku tisini, na vitabu viwili vilivyoandikwa na watu wawili wasioulizana vikasema kitu kimoja. Vyote vikapigwa picha, vikatumwa.

Barua ikaja siku ya kumi.

"Kazi hii ni ya kweli, na ni nzuri. Lakini si ya mtu mmoja. Nafasi ya Vuanga bado ipo, nayo ni moja. Penieli akirudi, atamaliza mwaka uliobaki. Akija mwingine, ataanza mwaka wa kwanza. Sisi tuko mbali, hatujui nani kafanya nini. Tuleteeni jina moja kabla ya Jumamosi."

Ijumaa asubuhi kijiji kikakusanyika kwenye ndiva. Mzee Kirita aliletwa na kiti chake. Mwenyekiti wa kamati ya ndiva alikuwa Mama Heriel, mwanamke muuza tangawizi mwenye sauti inayofika mlima wa pili.

Kwanza wakazozana kuhusu sheria. "Mwenyewe kakiri. Amedanganya kipimo," alisema mzee mmoja. "Shamba lao likauke."

"Asubuhi zote alipaza kweli, na wewe uliitikia," alisema Mama Heriel. "Uongo aliutuma kwa simu."

"Uongo ni uongo hata ukipanda mnara!"

"Hilo tutalila kesho. Leo tunataka jina. Penieli, sema."

Penieli akasimama. "Mimi nimesoma miaka mitatu. Nimeosha vyombo vya watu jioni ili ninunue vitabu. Umebaki mwaka mmoja tu. Mkinirudisha mimi, mwakani elimu iko hapa. Mkimpeleka mwingine, mtaingoja miaka minne. Tena nilipoulizwa nani alipima, niliibeba aibu peke yangu ili nyumba ya baba mkubwa isikose maji. Nani mwingine hapa amefukuzwa kwa ajili ya ndiva hii?"

"Mtoto wa Vuanga!" Ombeni alimrukia. "Agosti ndiva inapanda, na wewe hukushtuka?"

Penieli akatazama viatu vyake. "Nilishtuka."

"Ukafanya nini?"

"Nikanyamaza. Namba zilikuwa nzuri."

Watu wakaguna. Nakiete akasimama, na swali lililokaa tumboni miaka mitatu likatoka lenyewe. "Na siku ile ya Alhamisi, kaka. Uliwaambia niko kwenye ndiva?"

Mama Penieli akasema, "Mjibu dada yako."

"Sikuwaambia," alisema Penieli. "Tangu kidato cha kwanza kila mwalimu aliniambia, mwangalie dada yako. Siku ile walikuwa wakiniangalia mimi. Nikaona ningewaambia, wangekungoja."

Hapo Nakiete akaelewa kwamba kile kijicho alichokifuga miaka mitatu kilikuwa na pacha wake, amelala kwenye nyumba ya jirani.

"Sasa niseme na mimi," alisema. "Betri ya udongo ni maneno yangu. Fimbo nimeishika mimi. Nafasi ile niliiacha mimi, kwa miguu yangu, ili kaya kumi na mbili zipate maji. Nazo zimekaa hapa, ziseme kama ninaongopa. Nimeandika kila asubuhi miaka mitatu bila mwalimu. Nimedanganya, ndiyo. Lakini kauntabuku ya kweli niliitoa mwenyewe, hakuna aliyenishika. Kama uongo wangu ulikuwa wangu, na ukweli je, ni wa nani?"

Kaya kumi na mbili zikasema, "Haongopi."

Mama Heriel akamgeukia Ombeni. "Na wewe fundi? Au umekuja kupaka grisi?"

Watu wakacheka. Ombeni hakucheka.

"Hawa wawili wanagombania maneno na karatasi," alisema. "Maneno ya Nakiete yalikaa hewani. Mradi wa Penieli ulikaa kwenye karatasi. Chanjo za watoto wenu zilikaa kwenye baridi kwa gurudumu langu. Na hiyo kauntabuku mnayoisifu, profesa aliikataa. Iliaminika kwa sababu gurudumu lilizunguka. Hawa waliitwa kwenye usaili. Penieli kapata nafasi, kaipoteza. Nakiete alipata nafasi, akaiacha. Mimi sijapata hata ya kuipoteza."

"Na ulijua?" Nakiete alimuuliza taratibu. "Siku ile ya ukurasa wa Aprili."

Ombeni akajikuna shingo. "Nilijua. Ningesema neno moja, Penieli angekuwa chuoni mpaka leo. Lakini nilisema moyoni, acha waumane. Walipokuwa wakiulizana maswali ya usaili hapa ukingoni, mimi nilikuwa pale nyuma nachota maji. Hawakuniona."

Basi ikawa hivyo. Kila aliyesimama alikuwa na haki mkono wa kuume na kosa mkono wa kushoto. Wengine wakasema Penieli, kwa kuwa safari iliyobaki ni fupi. Wengine wakasema Nakiete, kwa kuwa mbegu ni yake. Wengine wakasema Ombeni, kwa kuwa friji haijui Kiingereza. Jua likapanda, tangawizi zikangoja, kizibo hakijatolewa.

Mzee Kirita akagonga kiti kwa kiganja.

"Ugomvi wa ndiva huamuliwa na nani?"

Kila mtu alijua.

"Na mshika fimbo," alisema Mama Heriel mwishowe.

"Mnamkabidhi fisi bucha!" mama Penieli alipiga kelele. "Yeye ni mmoja wa watatu!"

"Kila zamu yeye ni mmoja wa wenye mashamba," alisema Mzee Kirita, "na kila zamu amegawa. Mimi nimeshika fimbo ile miaka thelathini nikiwa na njaa kama nyinyi. Mwanangu, shuka ukingoni. Pima kwanza, kisha paza jina."

Nakiete akashuka. Akazamisha fimbo. Maji ya vuli yalikuwa yameanza kuja. Akasoma, akapaza, "Shubiri saba!" Bonde likaitikia, "Tumesikia!" Kisha bonde likangoja neno la pili.

Akamtazama Penieli. Kumpaza Penieli ni kumpa nafasi ileile kwa mara ya pili, yeye aliyempa mara ya kwanza. Tena wangesema ananunua msamaha. Akamtazama Ombeni. Kumpaza Ombeni ni haki. Lakini alijijua, alisikia ndani yake sauti ndogo ikifurahi kwamba Penieli naye atakosa, na haki inayofurahi namna hiyo aliiogopa. Akajitazama mwenyewe majini. Sheria inasema shamba la mshika fimbo hunywa mwisho. Lakini zamu ikiwa moja tu, wa mwisho hunywa nini?

Hakujua kama mdomo wake ungefunguliwa na haki au na kijicho. Vyote viwili vilikuwa vimeshachagua jina la kupaza.

Akainua fimbo, ikichuruzika maji. Akavuta pumzi.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlima, upepo ukanipita, jina sikulisikia. Nyinyi mlioketi hapa mmeyasikia yote tangu kamba ya kiatu mpaka rejesta ya muuguzi. Je, fimbo ile ingekuwa mkononi mwako wewe, ungepaza jina la nani, ukitaka bonde likuitikie "Tumesikia" bila mtu hata mmoja kuinamisha kichwa?